Maji ya Kyamwilu Hayapandi Mlima

Wakenya wengi wenye simu wamewahi kutumiwa video ya Kyamwilu. Kijana anamimina maji ya chupa juu ya lami, na maji hayo, badala ya kuteremka, yanaonekana kuuparamia mwinuko wa barabara polepole, yakichora mstari mweusi kuelekea juu. Kisha dereva anazima injini, anatoa gia, anaachilia breki, na gari linaanza kupanda lenyewe huku waliomo ndani wakipiga mayowe. Mahali penyewe ni kwenye kilima cha Kituluni, nje ya mji wa Machakos, na watu husafiri kutoka Nairobi na mbali zaidi kwenda kujionea. Wapo wanaosema chini ya barabara kuna sumaku kubwa. Wapo wanaosema mvutano wa dunia umepinda pale. Wengine husimulia habari za Kyalo na Mwilu, wanaume wawili waliompenda mwanamke mmoja na kuishi pande mbili za kilima, wakaacha nyuma yao nguvu mbili zinazovutana hadi leo. Makala haya yanashikilia kwamba maji ya Kyamwilu huteremka kama maji ya mahali pengine popote, na kwamba ajabu iliyopo pale ni jicho la binadamu. Tena watu wa Machakos wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi wetu, kwa kuwa ardhi yao iliokolewa na wakulima waliokataa kuliamini jicho katika mambo ya mteremko.

Tuanze na sumaku, maana ndiyo dhana inayorudiwa sana. Sumaku huvuta chuma, nikeli na metali nyingine chache. Maji haiyavuti. Hata mtu akiyaweka maji mbele ya sumaku kali ya maabara, maji husukumwa kando badala ya kuvutwa, tena kwa kiasi kidogo mno ambacho huonekana kwa vifaa maalumu tu. Kwa hiyo sumaku ya Kituluni, kama ingekuwapo, ingeweza kusingiziwa gari, lakini si maji ya chupa wala chupa yenyewe ya plastiki ikibingirika kuelekea upande ule ule. Na hata kwa gari hesabu haikubali. Sumaku yenye uwezo wa kulisogeza gari la zaidi ya tani moja kutoka chini ya lami ingenyakua kwanza vitu vyepesi: funguo mfukoni, kifungo cha mkanda, panga la mkulima anayetoka shambani. Sindano ya dira ingepoteza mwelekeo wake kabisa. Wageni wa Kyamwilu hurudi nyumbani na funguo zao mifukoni.

Dhana ya mvutano uliopinda ina uzito zaidi na inastahili jibu refu, kwa sababu ni kweli kwamba mvutano wa dunia haulingani kila mahali. Karibu na ikweta, kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa takriban mita 9.78 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwenye ncha za dunia kiasi hicho hufika 9.83. Lakini tofauti hiyo ni ya nguvu tu, si ya mwelekeo, na maji hayawezi kupanda mlima kwa sababu mvutano umepungua kidogo. Ili yapande, inabidi mwelekeo wenyewe wa chini uhame. Je, mwelekeo huo huweza kuhama? Huweza, na kiasi chake kilipimwa zamani. Mwaka 1774 mwanafalaki Mwingereza Nevil Maskelyne alipeleka timazi na darubini kwenye mlima Schiehallion huko Uskoti, akalinganisha uzi wa timazi na nyota, kwanza upande mmoja wa mlima na kisha upande wa pili. Mlima ulikuwa umeuvuta uzi. Pande zote mbili zikijumlishwa, mvuto huo haukufika sekunde 12 za pembe, nayo digrii moja ina sekunde 3,600. Kwa kila upande, hiyo ni tofauti ya milimita tatu hivi katika barabara ya mita 100. Mlima mzima wenye urefu wa zaidi ya mita 1,000 umeleta milimita tatu. Hakuna mwamba uliofichika chini ya Kituluni unaoweza kuzidisha hapo hadi gari lipande.

Na tukitaka mfano mkubwa zaidi wa mvutano uliopotoka, upo katika bahari ile ile inayogusa pwani yetu. Katika Bahari ya Hindi, kusini mwa Sri Lanka, kuna eneo pana ambapo mvutano ni hafifu kiasi kwamba uso wa bahari umebonyea takriban mita 106 chini ya umbo la wastani la dunia. Ni shimo kubwa kuliko majengo mengi ya ghorofa ya Nairobi, na meli hulipita bila nahodha kuhisi lolote, kwa kuwa mbonyeo huo umetandazwa juu ya mamilioni ya kilomita za mraba, na maji yenyewe yametulia humo yakiwa sawasawa. Hivyo ndivyo mvutano unavyopotoka kwa kweli: polepole, kwa upana mkubwa. Haupindi ndani ya kipande cha barabara kisha ukanyooka tena kwenye kona inayofuata.

Basi turudi kwa jicho. Jicho halina pimamaji ndani yake. Likitaka kujua kama barabara inapanda au inashuka, huomba msaada kwa vilivyo karibu: mstari ambapo mbingu zinakutana na ardhi, miti, nguzo, kingo za barabara, na zaidi ya yote mteremko uliotangulia. Kwenye tambarare kama uwanda wa Athi, upeo wa macho uko wazi na jicho halikosei sana. Vilimani upeo huo umefichwa. Jicho huchukua mgongo wa kilima kingine na kuufanya upeo, na mgongo huo ukiwa chini ya upeo wa kweli, barabara inayoteremka kuuelekea huonekana kana kwamba inainuka. Kisha kuna jambo la pili, ambalo dereva yeyote wa milimani amelipitia hata kama hakulitambua: kipande chenye mteremko mdogo kikija baada ya mteremko mkali, ubongo hukipima kwa kile kilichotangulia na kukitangaza kuwa mwinuko. Mambo haya mawili yakikutana mahali pamoja, barabara inayoshuka hugeuka machoni kuwa mlima.

Maelezo haya yamejaribiwa. Mwaka 2003 watafiti watatu wa Italia, Paola Bressan, Luigi Garlaschelli na Monica Barracano, walichapisha katika jarida la Psychological Science matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa mifano midogo ya barabara iliyowekwa juu ya meza. Walibadilisha miteremko ya vipande vilivyopakana, wakapandisha na kushusha upeo wa bandia, na kila mara wakawauliza watu: kipande hiki kinapanda au kinashuka? Watu walikosea vile vile wanavyokosea barabarani. Baada ya kila mtu kumaliza kujibu, watafiti waliweka kigurudumu cha utepe wa gundi juu ya kipande alichokiona kuwa mwinuko, nacho kikabingirika kuelekea juu kwa macho yake. Watu walishangaa, na baadhi yao wakaingiwa na kicho. Juu ya meza ile hapakuwa na sumaku wala mvutano uliopinda, na hata hivyo ajabu yote ya Kyamwilu ilijitokeza kikamilifu. Kwangu mimi jaribio hili linafunga mjadala kwa nguvu kuliko hoja yoyote ya kinadharia, kwa sababu kitu kinachoweza kuundwa upya kwa vipande vya mfano hakihitaji tena kutafutiwa siri ardhini.

Pingamizi linalotolewa mara moja ni hili: watu wengi wamefika pale, kila mmoja na macho yake, nao wote wameona jambo lile lile, je, wote wamekosea? Ndiyo, wote, na kwa sababu moja. Idadi ya mashahidi husaidia pale ambapo kila shahidi hukosea kwa njia yake, ili makosa yao yafutane. Hapa mashahidi wote wanatumia aina moja ya jicho na aina moja ya ubongo, wakitazama vilima vile vile. Na jicho hili hukosea hata mahali pasipo na ajabu yoyote. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Dennis Proffitt na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba mtu akisimama chini ya mlima wa digrii 5 hukadiria kuwa unakaribia digrii 20, na wa digrii 10 huuona kama wa 30. Watu hao hao wakiambiwa wainamishe ubao kwa kiganja, bila kuutazama, mpaka ulingane na mlima, walikaribia ukweli zaidi. Mwili unajua mengi ambayo jicho halijui. Ila kwenye barabara za aina ya Kyamwilu mteremko wa kweli huwa mdogo mno, pengine usiofika hata digrii moja, na miguu haiwezi kuuhisi vya kutosha ili kulisahihisha jicho. Video nayo huzidisha upotofu: mtazamaji wa simu hana miguu pale, na mpiga picha hunyoosha simu yake kwa kufuata upeo ule ule wa uongo. Marubani hufundishwa habari hii kwa uzito, maana wingu lililolala mshazari linaweza kuwa upeo wa bandia. Ndiyo sababu wanatakiwa kufuata chombo cha ndege hata pale macho yao yanapopinga.

Pingamizi kali kuliko zote hutoka kwa mtu anayefikiri sawasawa. Atasema: mtatuambia tuweke pimamaji barabarani, lakini pimamaji hufuata mvutano wa mahali lilipo. Mvutano ukipinda, povu lake litapinda nao, na maji yatakubaliana na pimamaji huku vyote viwili vikituongopea. Hoja hii ni halali. Jibu lake ni kwamba kuna vipimo visivyotegemea mvutano wa mahali. Maskelyne alitumia nyota. Leo wapima ardhi hutumia vipokezi vya setilaiti (si simu ya mfukoni, ambayo katika kimo hukosea kwa mita kadhaa), navyo hutoa kimo kwa kupima umbali hadi kwenye setilaiti, bila kuuliza maji yanaelekea wapi. Tena mvutano uliopinda usingechagua barabara na kuziacha nyumba. Miti huota ikifuata mvutano, na kuta hujengwa kwa timazi. Mahali ambapo mwelekeo wa chini umehama kiasi cha kulisogeza gari, shina la mti na ukuta wa nyumba vingeonekana vimeinama vikilinganishwa na vya kijiji cha pili.

Nimesema watu wa Machakos wana sababu ya kulielewa jambo hili. Katika miaka ya 1930 vilima vya Ukambani vilikuwa vimechakaa, udongo umechukuliwa na mvua, makorongo yamekata mashamba. Maafisa wa kikoloni walitazama na kuona watu wengi mno na ng'ombe wengi mno, wakahitimisha kwamba ardhi inakufa. Mwaka 1938 walianza kunyang'anya mifugo ili kuipunguza, na Muindi Mbingu akawaongoza watu hadi Nairobi kupinga. Alihamishiwa Lamu kwa adhabu, na leo mtaa wa katikati ya Nairobi unabeba jina lake. Miongo mitano baadaye, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walifanya kile ambacho jicho la afisa halikuweza kufanya. Walikusanya takwimu, na picha zilizopigwa mwaka 1937 zikarudiwa mahali pale pale mwaka 1991. Katika kitabu chao cha 1994 walionyesha kwamba wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, ilikuwa na watu karibu 240,000 mwaka 1932 na karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na kwamba katika kipindi hicho mmomonyoko ulipungua, miti ikaongezeka, na mazao kwa kila mtu yakapanda thamani. Wakosoaji wamesema, na kwa haki, kwamba soko la Nairobi lilikuwa karibu na kwamba si kila familia ilinufaika. Lakini matuta yapo. Mtu huyaona katika kila kilima anachopita.

Matuta hayo yalipatikanaje? Njia iliyoenea zaidi ni ile inayojulikana kwa jina la fanya juu, ambayo sasa imo katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi: mkulima huchimba mtaro kukata mteremko na kuutupa udongo upande wa juu, tuta linapandwa nyasi, na baada ya misimu kadhaa shamba hujisawazisha lenyewe kati ya tuta na tuta. Kazi hii ilifanywa zaidi na vikundi vya kusaidiana kazi viitwavyo mwethya, wengi wao wanawake. Sharti lake gumu ni moja. Mtaro lazima ufuate kimo kimoja mwanzo hadi mwisho. Ukiteremka kidogo upande mmoja, maji ya mvua yote hukusanyika hapo, hubomoa tuta, na kwa mvua mbili tatu mkulima ana korongo jipya alilolichimba kwa jembe lake mwenyewe. Hapo jicho halitoshi hata kidogo. Chombo kinachotumika ni kamba ya mita 8 au 10, vijiti viwili vya urefu sawa, na pimamaji dogo linaloning'inizwa katikati ya kamba. Mmoja anasimama na kijiti chake penye kigingi cha kwanza. Wa pili anashika kijiti cha pili, anasogea hatua juu, hatua chini, huku wa tatu akiwa ameinama kutazama povu. Povu likitulia katikati, kigingi kinapigwa, na wote wanahamia mbele. Mara nyingi mstari wa vigingi humshangaza mwenye shamba, kwa kuwa jicho lake lingeupeleka kwingine: humwonekania umepanda kilima pale ulipo sawa, na ule ambao yeye angeuona umelala sawa ungeshuka. Kila anayechimba kwa kufuata vigingi hivyo amekubali, jembe mkononi, kwamba povu linajua zaidi.

Linabaki pingamizi la moyo. Wengine huona kwamba kueleza ajabu ni kuiua, na kwamba vijana wanaopata riziki kwa kuwaonyesha wageni watapoteza kazi. Uskoti inatoa jibu. Karibu na pwani ya Ayrshire kuna barabara iitwayo Electric Brae, iliyopewa jina hilo zamani kwa kudhaniwa kwamba umeme ndio unaovuta magari. Kando yake limesimamishwa jiwe lililoandikwa ukweli wote: kwamba upande mmoja wa robo maili ile uko futi 286 juu ya usawa wa bahari, upande wa pili futi 303, na kwamba ni umbo la ardhi pembeni linalodanganya macho. Tofauti ni kama mita 5 katika mita 400. Wageni wanaendelea kufika, wanasoma jiwe, kisha wanaingia garini na kushangaa vile vile, kwa sababu kujua hakulibadilishi jicho. Hilo ndilo jambo ninaloliona la kupendeza kuliko sumaku yoyote: unaambiwa jibu, unalikubali, unatazama tena, na barabara bado inapanda. Masimulizi ya Kyalo na Mwilu nayo hayapungukiwi na kitu. Wazee walisimulia habari za watu na mapenzi yao, na simulizi kama hiyo haisubiri kipimo cha kimo ili iwe na maana.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa Serikali ya Kaunti ya Machakos na kwa walimu. Kaunti iwatume wapima ardhi wake Kyamwilu, wapime kimo cha barabara mwanzo na mwisho wa kipande kile, na vipimo hivyo viandikwe kwenye jiwe kando ya lami kwa Kikamba, Kiswahili na Kiingereza, pamoja na masimulizi ya kilima. Vijana wanaoongoza wageni wapewe kamba, vijiti viwili na pimamaji, ili baada ya maji kumwagwa mgeni aonyeshwe povu. Na mwalimu wa sayansi aliye karibu asisubiri jiwe. Vifaa vyote vya somo hili vinapatikana katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos, na mkulima yeyote mwenye matuta anaweza kuja kuwafundisha wanafunzi jinsi ya kuvitumia.